Mstari wa Pili

"Mistari mingapi leo, baba?" muuguzi aliuliza kwenye simu.

Fundi cherehani alikisogeza kipimo cha korona dirishani, pale anapolinganisha rangi za nyuzi. Mstari ulikuwa mmoja tu. Mahali pa ule wa pili, uliomganda siku tisa, palikuwa peupe pe.

"Ngoja niangalie vizuri," alisema.

Muuguzi huyu, ambaye fundi hajawahi kumwona sura, alimpigia kila asubuhi kumjulia hali, kama alivyowapigia wagonjwa wote waliojifungia nyumbani. Kabla ya hapo simu ya fundi ililia pale tu mteja alipodai suruali yake, basi. Tangu mkewe afariki, hakuna mwingine aliyemuuliza ameamkaje.

"Ukiwa mmoja, leo hii nakufuta kwenye orodha," muuguzi alichangamka. "Umepona!"

"Si ulisema vipimo hivi vya haraka hukosea?"

"Hukosea, ndiyo. Mgonjwa anaweza kuambiwa ni mzima. Lakini mstari wa pili ukionekana, hata ukififia vipi, tunauhesabu. Upo?"

Fundi alikiweka kipimo kando.

"Upo, mwanangu. Mwembamba kama uzi."



"Isije ikawa ni macho tu, baba."

"Huenda. Uzee huu, tena!"

"Haya. Basi nitakupigia kesho."

Fundi aliweka simu mezani, akachagua sindano ndogo kuliko zote, akapitisha uzi mweusi tunduni mara ya kwanza tu, bila hata kuvaa miwani.