Mkono wa Jentrix

Vyuo vingine vyote vya Kajiado vilikuwa vimekubali kununua kwa pamoja huduma ya kuhifadhi data mtandaoni. Kilibaki chuo cha Kitengela, na aliyekiwakilisha mkutanoni ni Jentrix.

Kaka yake, aliyemlea, ndiye aliyetunza seva za chuo hicho, kompyuta zilizohifadhi data yake. Hakuwa na kazi nyingine. Wakijiunga, seva zitazimwa.

"Madam, tuko pamoja?" mwenyekiti akauliza.

Jentrix akainua mkono. Vidole vilikuwa baridi, kama vya mtu mwingine. Watu wakapiga makofi.

Alipotoka nje, kaka yake akampigia simu. "Jentrix, mmeamua aje?"

"Tunajiunga."

"Sawa. Lakini wewe ulikataa, si ndiyo?"

Malori ya mawe yalikuwa yakipita kuelekea Nairobi.

"Nilikataa," akasema.