Pigo la Nne

Miaka ishirini nimewachorea wanafunzi wangu wa uuguzi mapigo ya moyo kwa chaki, na sijawahi kuchora mawili yaliyofanana. Dolphine, anayewaandikia mawakala wa mizigo hapa Busia programu zao, alikuja kuniokoa.

"Pigo nimelichora mara moja tu, mwalimu," alisema. "Baadaye kompyuta inaliita hilohilo, tena na tena."

Kilima kidogo, ncha ndefu, bonde, kilima. Mstari ulitembea ukutani, ulikorushwa na projekta, safi kama mshono wa cherehani. Nilitamani kupiga makofi, lakini nikasema, "Yanalingana mno. Moyo wa mtu hauko hivyo."

Hakubisha. Alinibana kidole kwa kibanio cha kupimia mapigo, akabadilisha sehemu moja ya programu. "Sasa umbo ni langu, lakini muda ni wa moyo wako."

Mstari ukapata uhai. Darasa zima likasema, "Eeeh!"

Kisha kila baada ya mapigo matatu, la nne likakosekana.

"Hapo programu yako imeruka," nilimwambia.

Dolphine alikihamishia kibanio kwenye kidole chake. Mapigo yakaja yote. Akanirudishia. Moja, mbili, tatu, kimya.

Mchoro huo, wa moyo wenye hitilafu, niliwahi kuwachorea wanafunzi kwa chaki, vibaya sana, na bado wote waliutambua.

Msichana wa dawati la mbele alinisogezea kiti chake.

"Keti, mwalimu," alisema. Vidole vyake vilikuwa tayari vimeupata mshipa wa mkono wangu.