Mayai ya Bi Zamaradi

Wallahi hii ni kweli tupu, sijatia chumvi. Magharibi, saa ya mgao wa umeme, Bi Zamaradi aliifunika mashine ya kutotolea vifaranga kwa mablanketi, akasogeza na jiko la mkaa, kama mumewe alivyotaka. Mayai yalikuwa yanaanguliwa siku hiyo. Yakipoa, vifaranga vimekufa.

"Lakini kampuni ya umeme wa nyuklia imesema haukatiki tena," alisema.

"Utakatika tu!" mumewe Shekue aliapa. "Funika vizuri!"

Haukukatika; mashine na jiko vikapasha pamoja. Zamaradi akagusa blanketi, la moto!

"Mume wangu, tunayachemsha!"

Wakafunua mbio. Wakayategea mayai sikio. Kisha ganda likapasuka, kifaranga kikalia, na Zamaradi akacheka hadi machozi.

"Haya, bwana umeme, toa jiko lako."

Shekue akalibeba nje, akaketi kulipepea bila chungu, akiitazama taa ya dirishani, akingoja izimike.