Mshono wa Bitana

Haya alinisimulia wifi yangu juzi, tukikunja nguo. Jirani yake, mshonaji, aliamka akamkuta mumewe amefia kitini.

“Mama, kama hakuwa akitibiwa, lazima apasuliwe ijulikane kilichomuua,” daktari aliyeitwa nyumbani alisema.

“Huyu? Hata dawa ya kichwa aliikimbia. Lakini msimpasue, mwanangu.”

Akachukua koti la mumewe amfunike. Bitana, kitambaa cha ndani, ilikuwa na mshono asioujua, mkubwamkubwa, wa mtu asiyezoea sindano. Akaufumua. Ikaanguka kadi ya kliniki ya moyo. Mara ya mwisho alitibiwa Jumatatu, siku aliyoaga kwamba anakwenda kucheza drafti.

Daktari akaisoma. “Basi, hapasuliwi.”

“Drafti, eti,” mjane akamwambia marehemu.

Walipokwisha kuzika, akaushona tena mshono ule vilevile, vibayavibaya, akajifunika koti, akalala.