Zamu za Michenzani

Siku hizi, nyumba ya Michenzani ikikosa pumzi ya mtu kwa saa nzima, mlango hujifunga na kampuni ya mahoteli huimiliki. Ndiyo maana wakaazi walioapa kutohama hukaliana nyumba kwa zamu. Mume wa Bi Zuwena alifariki akiwa zamu kwa jirani, na nyumba ile ikachukuliwa kabla maiti haijatolewa.

Eda yake ilipokwisha, Bi Raya wa ghorofa ya juu alimjia.

"Shoga, toka ukapunge upepo. Hapa nitakaa mie."

Bi Zuwena alishuka, akasimama juani kidogo, kisha akapanda tena ngazi mbio.

"Umesahau nini?" Bi Raya aliuliza.

"Sijasahau kitu. Nimekuja kutazama kama bado unapumua."

Bi Raya alicheka, kisha akavuta pumzi kwa nguvu, ili asikike.