Mapovu ya Ziwani

Nyamizi aliweka kasia chini, mikono ikimuuma. Tangu asubuhi alikuwa akimzungusha ziwani mtafiti Kabula, aliyekuwa akikinga mapovu ya gesi kwa chupa.

"Hii gesi inatoka wapi, mwanangu?"

"Ni majani na udongo, mama. Mto unavisomba kutoka mashambani, vinaozea chini, kisha vinarudi hewani."

Nyamizi aliyatazama mapovu. Mwaka juzi mafuriko ya mto huohuo yalisomba hadi ziwani migomba yake yote, pamoja na kaburi la mumewe lililokuwa shambani humo. Tangu hapo hakujua aende wapi kumwombea.

Kabula alimpa chupa aifunge. Nyamizi aliishika kwa mikono miwili, kizibo kikiwa mapajani.

"Mama, itavuja."

"Najua, mwanangu. Niache kidogo niombe."

Kandokando ya mtumbwi mapovu yalizidi kupanda, yakapasuka moja moja.