Kazi ya Kukatiza

Hivi wewe ulishawahi kumwona mtu analipwa mshahara kwa kazi ya kukatiza?

Rogath alikuwa analipwa. Alitoka Dar na kompyuta ya kupakata, akafika Ruangwa kwa bibi yake, Bibi Prisila, akaiweka mezani. Akasogeza chumvi, akasogeza na Biblia, akaunganisha waya kwenye betri ya sola. Kazi yenyewe ndiyo hii: programu moja inahesabu namba bila kuchoka, mpaka kiama. Programu ya pili imekaa pembeni kama askari, inaichunguza ya kwanza isije ikakosea. Rogath anabonyeza Kontroli na C kwa pamoja. Hapo inayohesabu inatakiwa isimame palepale, na mchunguzi aulize: haya, unasemaje?

Kila alipobonyeza, zote mbili zilizimika. Mhesabuji kwisha, mchunguzi naye kwisha.

"Ni kama kupiga hodi, bibi," alieleza. "Mwenye nyumba anatakiwa aitikie. Huyu wangu akisikia hodi, anakufa."

"Pole yake, mume wangu," alisema Bibi Prisila, maana bibi ndivyo anavyomwita mjukuu wake wa kiume. "Na wewe ukisikia hodi unafanyaje?"

Rogath alikuwa anabonyeza.

Hodi ilikuwa imeshapigwa mpaka mpigaji sauti imemkauka. Alikuwa Mzee Saturnini wa Nachingwea, kofia mkononi, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate, na kifurushi cha karanga. Amekuja juu ya lori la korosho, kama wiki iliyopita, kama na ile ya kabla yake. Mtu mzima, na magoti yake yale, anapanda lori kuja kutazama namba.

Rogath alidhani anajua sababu. Mzee ana binti, Lusiana, na kijana mwenye kompyuta ni mkwe wa kumtangaza kanisani. Ubaya ni kwamba hakuwa na mjomba wa kujificha nyuma yake. Wajomba wote waliokuwa wakisemea mambo ya ukoo wamelala makaburini Matambarale. Mwanamume aliyebaki ni yeye tu, na wazee wa huku, likija neno la ndoa, hawaongei na mwingine.

Na Rogath ana mchumba wake Dar. Tena Jumatatu mabosi wanataka jibu kuhusu yule mchunguzi, ama kibarua kiote nyasi. Basi akawa na vita viwili: mashine isimame, na mzee asianze.

"Mjukuu wangu," alisema Mzee Saturnini, akikaa taratibu, "mimi nimekuja na jambo..."

"Babu, tazama hapa! Unaziona namba?"

"Naziona. Nilikuwa nasema, mtu akibaki peke yake..."

"Peke yake haiwezi, babu. Lazima awepo wa kumchunga."

"Hapo umesema," alikubali mzee. "Ndiyo maana mimi..."

"Subiri, babu, imezima tena."

Bibi Prisila alileta chai. Ya mzee ilikuwa imeshatiwa sukari na kukorogwa. Ya Rogath aliisahau jikoni.

"Karanga hizo," alisema mzee. "Nimezitwanga mwenyewe."

"Babu, karanga zinanipa kiungulia, nilishakwambia."

"Ulishaniambia," alisema mzee, wala hakukiondoa kifurushi.

Zilikuwa zimetwangwa laini, kama za mtu asiye na meno. Rogath, mwenye meno yake yote, aliona huko ni kubembelezwa kupita kiasi.

"Mwache mzee amalize kusema," alisema Bibi Prisila.

"Bibi, nipo kazini."

"Nakuona. Umesomeshwa mpaka Dar, unaitafutia mashine adabu ya kunyamaza mtu akiongea. Ukiipata, usiimalize yote humo. Ibakize kidogo."

Rogath akacheka kwa adabu, akabadilisha mstari mmoja, akaiwasha tena. Namba zikaanza kukimbia.

"Hivi nikibonyeza mimi, itakasirika?" aliuliza Mzee Saturnini.

Rogath alifurahi. Afadhali mzee aulize vitufe kuliko aseme neno lake. "Bonyeza, babu. Hiki na hiki, pamoja."

Mzee akanyoosha vidole viwili vilivyokomaa kwa jembe, akabonyeza polepole, kama anayemgusa mtoto aliyelala.

Namba zikasimama. Mchunguzi hakufa. Chini ya kioo kimstari kidogo kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinangoja kuambiwa.

Rogath akabaki mdomo wazi. 

"Imesimama," alinong'ona.

"Na wewe je?" aliuliza mzee.

Kibarua kimepona, lakini sasa hapakuwa na namba za kujifichia. Rogath akatafuta maneno ya upole: kwamba Lusiana ni dada mzuri, ila mioyo haipangiwi, na kadhalika. "Haya, babu," alisema. "Sema tu."

Mzee Saturnini akainuka, magoti yakalia. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Huko jikoni, vikombe vilivyokuwa vinaoshwa vikanyamaza.

"Lusiana anakusalimia, yeye na mume wake," alisema. "Mimi nimekuja kwako wewe, mwanamume wa ukoo huu, kumposa bibi yako."